Mama kachorwa picha ya rangi ya mafuta Kihesa, Iringa: bei, muda na yote niliyoyaona

Watu wameniuliza sana kuhusu picha ya mama iliyoko sebuleni kwake Ipogolo, imechorwa wapi, shilingi ngapi, na kama kweli ni mkono wa mtu au ni kompyuta, kwahiyo naandika yote hapa kwa pamoja. Imechorwa hapahapa Iringa, Kihesa, na mchoraji wa makamo ambaye studio yake ni chumba cha juu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Jina na namba yake siweki, mwenyewe anapenda mtu apande ngazi aone kazi kwanza ndo waongee. Jibu langu ni nendeni. Ila mjue mnaenda kulipia nini, maana wengi wakisikia bei wanageuza palepale mlangoni na mimi naona wanakosea.

Bei yetu ilikuwa laki sita, picha ya sentimita 60 kwa 80, rangi ya mafuta, na mtu anakaa mwenyewe pale anachorwa. Nusu unatoa mwanzo, nusu siku ya kuchukua, fremu ya nje ni hela nyingine. Ukitaka akuchoree kutoka kwenye picha ya simu anatumia rangi ya akriliki, ya kuchanganywa na maji, inakauka haraka na bei inashuka chini ya nusu, anaifanya na anaifanya vizuri tu, ila atakwambia wazi kwamba hiyo ni kazi tofauti na hii ya kukaa. Sisi watoto wa mama tulichanga tukachukua ya kukaa.

Sababu iliyotupeleka huko ni kwamba tulishajaribu njia nyingine. Mama amestaafu unesi baada ya kufanya kazi hospitali za mkoa huu maisha yake yote, tukataka kitu kikubwa cha ukutani, tukapeleka picha yake ya simu kwenye studio moja mjini waikuze na kuichapisha kwenye kitambaa. Ilirudi mama akiwa mweupe, mikunjo yote ya uso imefutwa, macho yamekuzwa, yani mdogo wangu wa mwisho aliuliza huyu ni nani. Mama hakulalamika, akashukuru tu, akaipeleka nyuma ya kabati na ipo huko mpaka leo. Hiyo iliniuma sana kwasababu ile mikunjo ndo mama mwenyewe, mtu amekesha wodini miaka na miaka halafu unamfutia usiku wote aliokesha kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Sasa kule Kihesa siku ya kwanza hakushika hata brashi. Walisalimiana na mama, shikamoo mama, marahaba mwanangu, zikaja kamwene zao za Kihehe, chai ikaletwa, wakaanza kuongea habari za Kalenga maana wote wawili wana ndugu huko. Mimi nilidhani tunapoteza muda mpaka nikaona mkono wake chini ya meza unachora, ana daftari dogo na kipande cha mkaa na kila mama akigeuza shingo au akiweka mkono kwenye shavu anachora vistari vichache anafungua ukurasa mwingine. Baadaye alitupangia vile vichoro vyote mezani, vidogo kama stempu, akatuuliza kipi ndo mama. Dada na mimi tulichagua kimoja bila kushauriana: amekaa kiubavu kidogo, mikono imepumzika mapajani mmoja juu ya mwingine, kidevu kimeinuka, vilevile anavyokaa akisubiri mtu amalize kujitetea.

Kwenye nguo ndo palikuwa na mvutano. Mama alikuja na kitenge kipya cha kushona na kilemba chake cha kanisani, mchoraji akamwomba kwa heshima zote avae sweta lake la kila siku, lile la kijani lililochanika kidogo kwenye kiwiko, mama akakataa katakata, eti atachekwa na wajukuu. Wakasuluhishana: kitenge kibaki, sweta litupiwe mabegani. Yeyote anayeishi Iringa anajua mwezi wa sita na wa saba hakuna mama anayekaa ndani bila kujitupia kitu mabegani, na leo ukiangalia ile picha ni hilo sweta linalokwambia ni Iringa, siyo Dar.

Niseme kidogo kuhusu chumba maana nilikuwa namsindikiza mama na nilikuwa nakaa pembeni naangalia. Dirisha ni moja kubwa na linaangalia kusini. Nikamuuliza kwanini kalifunga la upande wa pili kwa mbao, akaniambia vitabu vya Ulaya vinasema studio iwe na dirisha la kaskazini kwasababu kule jua haliji upande huo, sasa sisi tuko chini ya ikweta mambo yamegeuka, kipindi hiki cha baridi jua letu linapita kaskazini siku nzima kwahiyo dirisha la kusini linaleta mwanga wa anga tu, umetulia, kivuli cha pua saa nne na kivuli cha pua saa tisa vinakaa palepale. Ikifika katikati ya mwezi wa kumi jua linavuka juu yetu kwenda kusini na haliturudii mpaka mwisho wa Februari, hapo anatundika shuka jeupe dirishani. Haya mambo mimi nimeishi Iringa miaka yote sikuwahi kuyafikiria.

Kanvasi anatengeneza mwenyewe. Mbao ni paini ya Mafinga ila lazima iwe imekaa ikakauka kweli, mbichi inajipinda na picha inakwenda mrama, kitambaa ni amerikani nzito, anaivuta na kuigongea kwa nyuma, halafu anapaka rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao, anapiga msasa, anapaka tena. Hiyo nyeupe nayo anaiua kwa rangi ya udongo iliyolegezwa na tapentaini, yani kanvasi inakuwa kahawia nyepesi kabla mama hajaketi. Anasema ukianza kwenye nyeupe kila rangi unayoweka inaonekana nyeusi kuliko ilivyo, unajikuta unaogopa giza. Hapa Tanzania wachoraji wengi wa picha za watu wanaogopa giza, nadhani ndo maana mtu mweusi akichorwa anatoka rangi ya karanga.

Na hapa ndo nataka nikae kidogo kwasababu hapa ndo laki sita ilipokwenda. Kwenye kibao chake cha rangi hakukuwa na rangi nyingi kama nilivyotegemea. Nyeupe ya titani, udongo wa njano, udongo mwekundu uliochomwa, nyekundu moja iliyoiva, bluu ya ultramarini, kahawia nzito. Nyeusi hakuna. Akaniuliza, kaka, mama yako ana rangi gani, nikasema mweusi, akacheka akasema angalia tena. Akanionyesha kwa kidole bila kumgusa: paji la uso pale mwanga wa dirisha unapogonga kuna ubluu, kwasababu mwanga wenyewe unatoka angani na anga ni ya bluu, chini ya shavu ambako dirisha halifiki ngozi inageuka ya moto, nyekundu ya udongo, sikio lina wekundu wake, chini ya kidevu kitenge kinarudisha njano yake juu shingoni. Nikaangalia na kweli vyote vilikuwepo, kwenye uso ambao nimeuona tangu nizaliwe. Giza la ngozi alilipata kwa kuchanganya ile bluu na udongo uliochomwa, kidogo ikiegemea huku kidogo ikiegemea kule, ndo maana vivuli vya picha ile vina uhai, ukipaka nyeusi ya kopo uso unakufa.

Anavyofanya ni hivi, anaanza na vivuli vyote kwa rangi moja ya kahawia, hakuna macho hakuna pua, mabaka tu, anabana macho yake mwenyewe ili asione vitu vidogo. Mama alipoona hatua hiyo alishtuka, akasema mwanangu mbona umenifanya zimwi, akajibiwa mama subiri. Baadaye ndo rangi zinakuja juu, baka linapakana na baka, halafu macho yanakuja karibu na mwisho kabisa. Mchoraji anasema macho ukiyachora mapema unayapenda halafu unashindwa kuyasogeza hata kama yamekaa pabaya. Ukutani nyuma yake kuna kioo, kila baada ya muda anageuka anaangalia picha kwenye kioo, na makosa yanaonekana hapohapo kwasababu jicho linaiona kama picha ngeni. Hilo Leonardo da Vinci aliliandika kwenye madaftari yake zaidi ya miaka 500 iliyopita na huyu bwana wa Kihesa anaona bado linafanya kazi.

Mkono wa kushoto wa mama ulimshinda kuchora. Ulikuwa umeshakamilika kabisa, mimi kwa macho yangu ulikuwa mkono mzuri, una pete, una mishipa. Tukarudi siku nyingine tukakuta hajaridhika, akachukua kitambaa akaufuta wote mbele yetu, kazi ya mchana mzima. Nikataka kumzuia. Akasema huu ni mkono wa mama yeyote, sijaona bado huyu anaushikaje. Akamwomba mama amsimulie kitu chochote cha kazini, mama akaanza kusimulia mambo ya kumpima mtoto homa kabla ya vipima joto vya kisasa kufika zahanati za vijijini, na akiwa anasimulia mkono ukageuka wenyewe, kiganja kikakunjwa kidogo na nyuma ya vidole ikatangulia, unajua vile manesi wa zamani wanavyogusa paji la uso kwa nyuma ya vidole. Akauchora huohuo. Dada yangu ambaye yuko Mbeya hakuwepo siku hiyo, alipokuja kuiona picha imekwisha kitu cha kwanza alichosema ni huu mkono, ndo alivyokuwa anatugusa tukiumwa.

Kwahiyo unalipia kuangaliwa. Mtu mzima mwenye akili zake anamwangalia mama yako kwa saa nyingi sana bila simu, na anakataa kuchora kitu ambacho hajakiona.

Mama kuna siku alichoka akalalamika, akaambiwa kule London mchoraji Lucian Freud alimkalisha mchoraji mwenzake David Hockney zaidi ya saa 100 kwa picha moja ya kichwa tu, mwaka 2002. Mama akauliza huyo Hockney alikuwa hana kazi? Ila kiukweli mchoraji wetu ni mstaarabu kwa hilo, kila baada ya dakika ishirini na kitu mtu anasimama ananyoosha miguu, chini kuna alama za selotepu za miguu ya kiti na za viatu ili ukirudi ukae vilevile, na alimwekea mama jiko la mkaa nje ya mlango wa kupashia mikono, halileti ndani kwasababu ya tapentaini. Kuhusu harufu, nilikuwa na wasiwasi na kifua cha mama, lakini tapentaini anatumia kidogo mwanzoni tu, brashi anaziosha kwa mafuta ya alizeti halafu sabuni ya mche, na matambara yenye mafuta ya kitani, yale ya kwenye rangi, anayatumbukiza kwenye ndoo ya maji maana yakirundikwa yakiwa makavu yanaweza kupata joto yenyewe mpaka yakawaka moto. Nilipenda hilo, mtu anayejua hatari ya kazi yake.

Muda sasa. Picha ilichukua miezi, siyo wiki, na kama una haraka usiende. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka kama nguo kwenye kamba, yale mafuta yanavuta hewa ya oksijeni yakigeuka kuwa ngozi ngumu, na baridi inachelewesha hilo, sasa fikiria Iringa mwezi wa saba na upepo wake. Ile kahawia ya chini inakauka mapema lakini nyeupe inasumbua. Na hawezi kulazimisha, tabaka la chini likiwa na mafuta machache na la juu mafuta mengi zaidi ndo salama, ukigeuza ukaweka la juu linalokauka haraka kuliko la chini, baada ya muda uso wa mama unapasuka nyufa. Kwahiyo kuna vipindi alikuwa anaigeuzia picha ukutani na kutuambia msije mpaka niwaite. Katikati hapo anafanya kazi zake nyingine.

Hizo kazi nyingine nazo zinafaa kusemwa maana watu wanadhani msanii anaishi kwa hewa. Anaandika mabango ya shule na zahanati, anachora kuta za chekechea, magari ya biashara, hiyo ndo inayolipa kodi ya chumba. Alianza hivyohivyo, alikuwa saidia fundi kwa mwandika mabango Makambako, akashika brashi akiwa anajaza herufi ambazo mwenzie amezichora, baadaye ndo akaenda kusoma sanaa Bagamoyo. Asubuhi kabla hajafungua simu anachora saa moja, mara nyingi sokoni pale soko kuu, wamama wa mboga, wapakiaji, mtu aliyeinama juu ya gunia la viazi, daftari limejaa migongo ya watu. Anasema mgongo wa mtu anayebeba mzigo ni mgumu kuliko uso. Picha zake binafsi, zile asizoagizwa na mtu, ni za watu hao na ni nzuri kupita maelezo, kubwa, watu watatu wanne wamesimama kwenye mwanga wa asubuhi wenye ukungu, na haziuziki. Wageni wanaopita mjini wanataka twiga na tembo.

Ameibandika ukutani picha ya gazeti ya kazi ya mchoraji wetu wa zamani Sam Ntiro, wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ya mwaka 1956, ile ambayo yenyewe halisi iko MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa kule New York. Nilikuwa simjui Ntiro. Mtu wa Machame, kazaliwa 1923, kasoma Makerere kisha chuo cha sanaa cha Slade, London, na baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza, na maisha yake yote kachora watu wa kijijini wakilima na kuvuna na kusherehekea. Ukimuuliza Mtanzania uchoraji atakwambia Tingatinga, na Edward Said Tingatinga anastahili heshima yake yote, alifariki 1972 baada ya miaka michache tu ya kuchora na akaacha mtindo uliolisha watu wengi, lakini tumekuwa na wachoraji wa watu pia na tunawasahau. Huyu wa Kihesa anajiona yuko kwenye mstari huo wa Ntiro na mimi baada ya kukaa naye namkubalia.

Yasiyopendeza. Simu hapokei akiwa kazini, ujumbe anajibu usiku au kesho yake, usimtegemee kwa taarifa za haraka, mimi kuna wakati nilipanda mpaka Kihesa nikakuta kafuli kwasababu alikuwa ameenda kuandika bango Kilolo na hakusema. Ngazi za kupandia ni nyembamba hazina pa kushika, kwa mzee mwenye magoti mabovu ni shida kweli, tulikuwa tunamshika mama huku na huku, aweke hata bomba la kushikilia. Risiti hana, anakuandikia kwenye daftari mnasaini wote wawili. Na makadirio yake ya muda ongeza nusu, akisema mwisho wa mwezi wa nane elewa mwezi wa kumi. Kwa bei yenyewe naona haya yanarekebishika na nilimwambia ana kwa ana kabla sijaandika hapa.

Siku ya kuchukua usiende na bodaboda. Sisi tulikodi bajaji, picha ikasimamishwa wima na vipande vya kizibo kwenye kona ili karatasi isiguse rangi, taratibu mpaka Ipogolo. Vanishi haikupakwa, inabidi picha ikae miezi sita au zaidi ikauke mpaka ndani ndo uirudishe apake, hiyo haikulipisha, imo kwenye bei. Alitupa masharti ya kuitunza: isikae ukuta unaopigwa na jua, isikae juu ya jiko au karibu na mnapowashia mkaa wakati wa baridi, vumbi ondoa kwa brashi laini kavu, na dada wa kazi aambiwe mapema kwamba ile haifutwi kwa kitambaa cha maji. Fremu ya mninga tulitengeneza kwa fundi seremala wetu, ikatoka rahisi kuliko ya kununua mjini.

Mama yeye siku ilipotundikwa alisogeza kiti akaiangalia muda, akasema sweta limetoka vizuri. Wajukuu hawakumcheka.

Kwa wanaotaka kwa ajili ya sikukuu ya Krismasi, mkamwone mwezi wa tano, msisubiri mwezi wa kumi mkaanza kumharakisha, na mzee aje na nguo mbili, ile anayotaka yeye na ile mnayomjua nayo nyumbani. Dada wa Mbeya ameshatoa nusu ya hela ya picha ya baba mkwe wake.